Fasi ya Vyombo

Mtu akituuliza kwa nini ukuta wa nyuma wa garaji yetu una kiraka cha mawe mapya, mume wangu humwambia aniulize mimi, na mimi humwambia amuulize yeye. Leo ngoja niseme mwenyewe. Yeye akianza kusimulia huanzia kwa babu yake, na msikilizaji huondoka kabla hajafika kwenye ukuta. Mimi nitasema moja kwa moja: tulikuwa tunatafuta fasi ya kuweka vyombo vyangu vya kazi, na fasi ile karibu itunyang'anye Maman wa Juu.

Tunakaa Kasha, huku Bagira, kwenye mteremko. Aliyejenga nyumba yetu alikuwa na gari, kwa hiyo alichonga mlima akatengeneza garaji, mawe nyuma na pande zote mbili, mlango wa chuma mbele. Baadaye mvua zikala barabara. Siku hizi hata pikipiki inapanda kwa kusukumwa, na garaji imekuwa karakana yangu. Natengeneza mashine za kushona. Wamama wa Bagira nzima wananiletea mashine zilizokwama, zinazokata uzi, zilizoangushwa na watoto, na kila mmoja anataka yake kesho. Mimi si mtu wa kubembelezwa. Mashine niliyosema ni ya wiki ijayo, ni ya wiki ijayo.

Shida yangu ilikuwa fasi. Ndivyo tunavyosema huku, fasi. Neno lenyewe fupi, na kitu chenyewe kwangu kilikuwa kifupi zaidi. Bisibisi zilikaa kwenye kopo la maziwa, koleo kwenye ndoo, spana chini ya meza, na mikanda ya mashine niliivaa shingoni ili isipotee. Kuna siku nilitafuta bisibisi ndogo asubuhi nzima, nikamtukana mume wangu, nikawatukana panya, kumbe nilikuwa nimeichomeka kwenye nywele. Mume wangu anafanya kazi ofisini, na siku ya Jumamosi hupenda kujiona fundi. Akasema ataniwekea etajeri, rafu ya mbao. Akaiweka, ikaanguka na mashine za watu. Akaleta ubao wa kutundikia vyombo. Misumari ikakataa kuingia kwenye mawe, ikapinda yote. Akataka kutundika vitu darini, akatoboa bati, na kuanzia hapo nikawa nafanya kazi huku naloa.

"Fasi iko nyuma," akaniambia, anapigapiga ukuta wa nyuma kwa kiganja. "Nyuma ya haya mawe iko mulima tupu. Mulima haina kazi."

"Mulima iko na kazi ya kubeba Maman wa Juu," nikamjibu.

Maman wa Juu ndivyo tulivyomwita jirani yetu, kwa sababu nyumba yake iko juu ya garaji yetu kabisa. Ukisimama karakanani kwangu, kichwa chako kiko chini ya miguu yake. Ni mjane, mzee, mzaliwa wa Mudaka. Walipokuwa bado vijana mume wake alikwenda naye Kamituga kuchimba dhahabu, udongo ukamfunika ndani ya shimo, na hawakumtoa. Tulijua hilo tu. Hakuwa mtu wa kulisema mara mbili. Alimlea binti yake peke yake kwa kupika kasiksi, pombe yetu ya ndizi, na hata sasa alikuwa anaipika. Mama yangu mzazi alikufa kabla sijaolewa. Aliyempokea mtoto wangu wa kwanza mikononi, aliyenifundisha kumnyonyesha, aliyenigombeza siku nilipomtupia mume wangu sahani, ni yeye. Nilimpenda kuliko ndugu zangu wengi, na sioni haya kulisema.

Mume wangu akaniapia kwamba hatachimba sana. Kabati tu, akasema, la kuingiza vyombo na kufunga kimlango mbele. Nikanyamaza, na kwangu mimi kunyamaza ni kukubali, kwa maana sijakataa jambo lolote kwa kimya tangu nizaliwe. Nilikuwa nimechoka kukanyaga spana.

Ilibidi tufanye kwa siri. Kwenye mteremko wetu kuchonga mlima kumekatazwa, kwa kuwa udongo umekwisha kuchukua nyumba za watu. Basi jioni, akitoka ofisini, kabla jua halijazama, alivua shati la kazi, akafunga mlango wa chuma, akashika nyundo na patasi, na kugonga mawe ya ukuta moja moja mpaka yalegee. Udongo uliotoka tuliujaza kwenye magunia na kwenda kuumwaga kwenye mashimo ya barabara. Watu wakatusifu. Mkubwa wa avenue yetu, mtaa huu wote, yule yule anayekataza watu kuchonga mlima, alisimama akampa mume wangu mkono na kusema laiti wote wangekuwa raia kama yeye. Mume wangu akainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Nilitaka kumpiga teke.

Kisha mlima ukaanza kujibu.

Mimi ndiye niliyesikia kwanza. Mume wangu akagonga, akapumzika kufuta jasho, na kutoka ndani ya udongo ikaja sauti ya kugonga, nzito, ya polepole. Nikamwambia anyamaze. Akagonga tena, akaacha. Ikajibu tena.

"Ni mulima inarudisha sauti," akasema.

"Mulima gani inangojea kwanza, ndipo irudishe?"

"Basi ni maman iko natwanga sombe."

Hiyo niliikubali, maana Maman wa Juu alikuwa na kinu na mchi mkubwa, na majani ya muhogo hayajitwangi. Lakini siku iliyofuata ikawa vile vile, na iliyofuata pia. Tukigonga, inagonga. Tukiacha, inaacha. Nikamwuliza mume wangu ni sombe gani inayotwangwa kila jioni saa ile ile anayoshika nyundo, na mtu anayekaa peke yake analisha kijiji kipi. Akasema mimi nikitaka kabati niache maneno.

Katika wiki hizo hizo Maman wa Juu akaanza kugawa vitu vyake. Alianza na mimi. Aliteremka ngazi za udongo kwa uangalifu, amebeba sufuria yake kubwa ya kasiksi, akaiweka mlangoni kwangu na kusema, "Chukua, mwana. Miye niko naenda karibuni."

"Unaenda wapi, maman?"

"Karibuni," akarudia, kana kwamba hilo ndilo jina la mahali.

Nikadhani ni Mudaka. Binti yake ameolewa huko, ana mashamba, na kila akija hapa huangalia ule mteremko na kumwambia mama yake arudi kijijini kabla mvua haijampeleka kwa nguvu. Siku zote mzee alikuwa anamcheka. Sasa akatoa kuku kwa jirani wa kulia, akatoa mikeka kwa kanisa, akafua kikwembe chake kizuri, kitenge cha sikukuu, na kukianika. Na uso wake ulikuwa unang'aa. Hilo ndilo lililonishtua kuliko yote. Mtu anayekuacha basi aonyeshe huzuni kidogo, hata ya kukuheshimu. Yeye alikuwa na furaha ya msichana aliyeposwa. Nilirudi ndani nikalia juu ya mashine ya mtu, na nikaipangusa, maana mafuta na machozi havipatani.

Mara ya pili aliteremka na sururu. Ilikuwa ya marehemu mume wake, mpini umelainika kwa mikono, chuma kimeisha nusu. Akampa mume wangu. "Ilikuwa yake," akasema. "Aliiacha nyumbani ile siku, akachukua mupya. Weye uko mwanaume, itakusaidia. Miye sitachimba tena kitu."

Mume wangu aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru vizuri sana, akangoja mama afike juu, akafunga mlango wa chuma na kuanza kuitumia kwenye ukuta. Chombo kizuri, alisema, kinashika mkononi. Kabati likaenda haraka kuanzia hapo.

Nilimpigia simu binti yake Mudaka. Nikamwuliza kwa hasira kwa nini anamchukua mama bila kutuambia hata sisi majirani. Akanijibu kwamba hajui habari hiyo. Hajamwita mama. Hajazungumza naye juu ya kuhama tangu mavuno. Nilibaki na simu sikioni baada ya yeye kukata. Ikiwa mzee haendi Mudaka, anaenda wapi, na kwa nini anagawa sufuria?

Halafu mawe yakapata joto.

Mume wangu aliniita, akachukua mkono wangu na kuuweka ndani kabisa ya kabati lake, kwenye udongo. Ulikuwa wa moto. Si joto la jua, maana jua halifiki pale. Ulikuwa moto wa mkate uliotoka motoni saa hiyo hiyo. Tuliangaliana. Mtu wa mji mwingine labda angewaza jambo jingine. Sisi ni watu wa Kivu. Tumekua tukiambiwa kwamba ziwa lina gesi chini yake na kwamba volkano inaweza kutoboka mahali popote inapopenda, na ardhi hapa hututikisa mpaka vikombe vinahama kabatini.

"Volkano," akasema mume wangu kwa sauti ya kanisani.

"Volkano iko Goma."

"Goma na hapa, udongo ni moja. Na ile kugonga? Ni yenyewe iko napanda."

Nikakaa juu ya gunia la udongo. Nikaona Bagira nzima inakimbilia ziwani na magodoro vichwani, kwa sababu fundi mashine mmoja alikosa mahali pa kuweka bisibisi. Tukajadiliana kama tuwaambie watu. Tukisema, tutaulizwa tumejuaje, na waliotusifu kwa udongo wa barabara wataelewa umetoka wapi. Tukakubaliana kungoja. Sikulala vizuri. Baada ya siku chache udongo ukapoa wenyewe. Mume wangu akasema volkano imebadili njia, na akashika sururu yake. Sijui ni kwa nini nilimwacha. Labda kwa sababu zilikuwa zimebaki shubiri chache tu kabati litoshe.

Ilikuwa Jumamosi baada ya saa sita, mvua imetoka kukatika. Nilikuwa mezani nimefungua mashine moja, skrubu zake ziko mdomoni kwangu. Mume wangu alikuwa amejiingiza ndani ya kabati mpaka kiunoni, miguu tu iko nje, anapiga kwa mkono mmoja kwa kukosa nafasi ya mikono miwili. Udongo ulikuwa umepata moto tena tangu asubuhi, lakini tulikuwa tumeuzoea. Mtu huzoea kila kitu. Alipiga. Ikajibu. Alipiga. Ikajibu, karibu sana. Kisha sururu ikatoa sauti ya sufuria tupu.

Udongo ukamporomokea kichwani, na pamoja nao majivu na majani ya ndizi yaliyokauka. Joto likaingia garaji. Na harufu: tamu, nzito, ya ndizi zilizoiva kupita kiasi. Nilitema skrubu zote. Nilikuwa nimejiandaa kwa moto na kwa moshi, sikujiandaa kwa mlima unaonuka ndizi.

Kutoka ndani ya tundu ikaja sauti ya mwanamke. "Ni weye?"

Mume wangu ni mtu anayejibu kabla hajafikiri. Hata usingizini ukimwita anaitika. "Ni miye, maman," akasema.

Kisha ile sauti, ndogo, inatetemeka: "Uko muzima?"

"Niko muzima, maman. Ni udongo tu iliniingia mu macho. Natoka sasa hivi."

"Ngoja," ikasema. "Usitoke haraka, itakuangukia. Ngoja, nakuya."

Hapo nikaitambua sauti. Nikajua pia ile harufu. Ndizi za kasiksi huivishwa shimoni: unachimba, unatandika majani, unapasha shimo moto wa majani makavu, unapanga ndizi, unafunika, na joto linafanya kazi yake. Shimo la Maman wa Juu tulilijua, lilikuwa uani kwake, upande wa njia. Hatukujua kwamba wezi walimchosha mpaka akachimba jingine ndani ya jiko, kwenye pembe, juu ya garaji yetu. Yeye alikuwa amechimba kuteremka. Sisi tulikuwa tumechimba kupanda. Na yeye sasa alikuwa amesimama juu ya kile kidogo kilichobaki katikati.

Nilipanda zile ngazi sijui namna gani. Nilikuta mlango wa jiko wazi na mfuniko wa majani umetupwa pembeni. Alikuwa ndani ya shimo, amepiga magoti juu ya ndizi, amevaa kile kikwembe kizuri, anakwangua udongo kwa vidole. Mchi ulikuwa umelala kando yake. Aliinua uso, na uso wote ulikuwa machozi na majivu.

"Nisaidie, mwana," akaniambia. "Nisaidie tumutoe. Iko muzima. Amenijibu."

"Nani, maman?"

"Bwana yangu."

Nimeshuhudia mambo katika mji huu. Nimeona ukuta wa jirani ukiondoka na kitanda. Nimejificha chini ya meza na watoto, risasi zinapita. Sijawahi kupigwa na butwaa namna ile. Nilimshika mabega kwanza, kwa sababu nilikuwa nahofia sakafu ya shimo, nikamvuta atoke, naye akanikataa kwa nguvu ambazo sikujua anazo. Akasema nisipoteze wakati, hewa huko chini ni kidogo.

Huku kwetu mwanaume humwita mke wake maman. Humwita jirani mzee maman, na muuza nyanya maman. Neno ni lile lile moja. Mume wangu alikuwa amemjibu kwa heshima, kama tulivyolelewa, na yeye alikuwa amesikia mwenzake wa ujana akimwita kutoka ardhini.

Ilibidi niseme mimi. Hakukuwa na mtu mwingine. "Maman," nikasema, "ile ni bwana yangu miye. Ni jirani. Iko mu garaji."

Hakuelewa. Nikasema tena. Nilimwona akielewa polepole, kuanzia mikono: vidole vikaacha kukwangua, vikabaki tu kwenye udongo. Kisha akakubali nimvute, akakaa ukingoni mwa shimo, miguu ndani, akaanza kupangusa majivu kwenye kikwembe.

"Kule Kamituga," akasema, hanitazami, "udongo ikianguka, batu ya inje banagonga jiwe. Ule iko ndani, kama iko muzima, anagonga naye. Ndivyo wanajua. Ile siku waligonga. Miye pia niligonga, mpaka mikono ikatoka damu. Hakujibu. Wakasema basi, wakaenda kuchimba fasi ingine. Miye sikusema basi."

Nilikaa karibu naye.

"Sasa hizi siku nikasikia iko nagonga. Nikasema, kumbe alisikia. Ilikuwa tu mbali. Nikawa namujibu kila jioni, asikate tamaa. Nikajua inakuya kunichukua, ndiyo maana nikatoa vitu, nikabakiza tu hizi ndizi za kumupokea." Akaangalia tundu. "Nyinyi mulikuwa munatafuta nini mule ndani?"

"Fasi ya vyombo, maman."

"Vyombo gani?"

"Bisibisi. Koleo. Vitu vya mashine."

"Bisibisi," akasema. Laiti angenitukana. Angenitukana ningejua pa kushika.

Mume wangu akatokea mlangoni. Alikuwa amepanda mbio, na alikuwa mwekundu wa udongo kuanzia nywele mpaka viatu, macho mawili tu yanapepesa, sururu ya yule marehemu mkononi. Nilimwona Maman wa Juu akimtazama na nikatamani ardhi ifunguke kweli. Mtu ametoka chini ya ardhi, ana sururu ile. Alimtazama muda mrefu. Kisha akasimama, akamkaribia, akashika pembe ya kikwembe chake kizuri na kumpangusa macho, jicho moja kisha jingine, kama mtu anavyompangusa mtoto. "Ulisema udongo imekuingia mu macho," akamwambia.

Mume wangu alilia mbele yetu. Tangu tuoane sijamwona akilia, hata kwenye msiba wa baba yake.

Siku zile mbili zilizofuata Maman wa Juu hakuteremka na hakutuita. Tulimwambia mkubwa wa avenue kila kitu, maana tundu lile lilikuwa hatari kwa nyumba zote mbili. Akatugombeza mbele ya watu mpaka akachoka, na ilikuwa haki yake. Safari hii binti alipopigiwa simu alisema kweli anakuja kumchukua mama, na sikuwa na uso wa kumbishia. Nilipeleka chakula juu. Nilikikuta asubuhi pale pale nilipokiweka. Mlangoni kulikuwa na furushi limefungwa. Uso wake haukuwa unang'aa tena. Mwanzo nilikuwa nimeogopa furaha yake. Sasa ningetoa vyombo vyangu vyote niirudishe. Alikuwa amefiwa juzi, na sisi ndio tuliomletea habari.

Siku ya kuziba, mume wangu na mwashi mmoja waliingia garaji na mawe na simenti. Walijaza kabati lote kuanzia chini, wakabakiza tundu dogo la juu. Mimi nilikuwa juu jikoni, kumwangalia mzee, binti yake akiwa uani anapanga furushi la mwisho. Mume wangu akapaza sauti kutoka chini kwamba limebaki jiwe moja.

Maman wa Juu akainuka kwenye kiti. "Mwambie angoje," akaniambia. "Na mwambie, sasa mutu asigonge. Mutu yeyote."

Nikapiga kelele kuteremsha maneno hayo. Yeye akashika mchi, akashuka ndani ya shimo, safari hii mimi nimemshika mkono, akagonga sakafu. Polepole, kwa uzito, ile sauti niliyokuwa naisikia kila jioni. Akainama, akaweka sikio kwenye udongo.

Tulingoja. Nilikuwa namwomba Mungu mume wangu asijibu, na papo hapo nilikuwa namwomba ajibu. Alinisimulia baadaye kwamba alikuwa na nyundo mkononi na mkono umekwisha kuinuka, na kwamba hajawahi kuona nyundo nzito namna ile. Akaishusha chini. Maman wa Juu akagonga tena, akasikiliza tena, macho amefumba. Huko uani binti alikuwa ameacha kufunga. Hakukuwa na sauti yoyote, ila maji yaliyokuwa yanadondoka kwenye bati.

"Haya," akasema. "Mwambie afunge."

Jiwe likaingia. Tulisikia mwiko ukikwangua simenti kuzunguka, mara chache, kisha ukaacha. Alinipa mchi niushike, akapanda kutoka shimoni, akajikung'uta, akatazama ndizi zilizokuwa zimerundikwa pembeni, nyingine zimeanza kuwa nyeusi.

"Hizi zitaoza," akasema. "Na hapa siwezi tena kuchimba. Nitarudia ile shimo ya inje." Akamwita binti yake afungue lile furushi atoe kikwembe cha kazi. Kisha akanigeukia. "Na weye, unakaa kuniangalia nini? Nenda uniletee sufuria yangu. Na ile sururu."

Nikateremka kuvichukua.